Alfred Tarski: Mwanahisabati aliyepima mipaka ya fomula

KATIKA mtaa wa Kiembeni, eneo la Kisauni mjini Mombasa, mwenye ploti ya mstatili huonyesha mipaka yake kwa mawe manne yaliyowekwa na mpima ardhi. Mwanahisabati huweza kuonyesha mipaka hiyo hiyo bila jiwe hata moja. Huandika fomula nne za kubwa kuliko na ndogo kuliko, na kila nukta inayotimiza zote nne huwa imo ndani ya ploti.

Ni maumbo gani yanayoweza kufafanuliwa kwa fomula, na ni yapi yasiyoweza? Swali hilo ndilo lililotawala maisha ya Alfred Tarski, mmoja wa wataalamu wakubwa wa mantiki katika karne ya 20.

Tarski alizaliwa Januari 14, 1901 mjini Warsaw, Poland, wakati mji huo ungali chini ya utawala wa Urusi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na jina lake la ukoo lilikuwa Teitelbaum. Kufikia mwaka 1924, alipotunukiwa shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Warsaw, alikuwa amelibadili jina hilo na kuingia Ukatoliki, katika jamii ambamo Myahudi hakupata kazi ya chuo kikuu kwa urahisi.

Hata hivyo, milango haikumfungukia. Mwaka 1930 alikosa kiti cha profesa katika mji wa Lwów, ambacho alipewa Leon Chwistek. Kwa miaka mingi alipata riziki kwa kufundisha hisabati katika shule ya sekondari, huku akiendelea na utafiti wake chuoni.

Ni katika miaka hiyo ya dhiki ambapo alifanya kazi zilizomjengea jina. Mwaka 1931 alichapisha makala kuhusu seti za namba halisi zinazoweza kufafanuliwa kwa fomula. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu kuhusu dhana ya ukweli, akionyesha kwamba lugha ya hisabati yenye uwezo wa kutosha haiwezi kufafanua ukweli wa sentensi zake yenyewe. Lazima itumike lugha nyingine iliyo pana zaidi.

Aidha, aligundua kwamba kila fomula ya namba halisi iliyojengwa kwa kujumlisha na kuzidisha, hata ikiwa na maneno kama "kwa kila" na "kuna", inaweza kuandikwa upya bila maneno hayo. Kutokana na hilo, kila swali la aljebra ya namba halisi, na la jiometria ya shuleni, linaweza kujibiwa kwa kufuata hatua maalumu. Ugunduzi huo ulikuwa wa ajabu, kwani mwaka 1931 Kurt Gödel alikuwa ameonyesha kwamba hesabu ya namba kamili haikubali kukamilishwa kwa kanuni zozote za aina hiyo.

Agosti 1939 Tarski alisafiri kwa meli kwenda Marekani kuhudhuria kongamano katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mkewe Maria na watoto wao wawili walibaki Warsaw. Septemba 1, Ujerumani iliivamia Poland, naye hakuweza kurudi. Familia hiyo ilitengana hadi mwaka 1946. Wazazi wake na ndugu yake hawakunusurika. Hata kazi yake kuhusu namba halisi, iliyokuwa ikiandaliwa kuchapishwa Paris, ilikwamishwa na vita na ikatoka mwaka 1948.

Mwaka 1942 alipata kazi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako alijenga shule ya mantiki iliyojulikana duniani kote. Alikuwa mwalimu mkali, aliyefanya kazi usiku kucha na kuwadai wanafunzi wake usahihi wa kila neno. Miongoni mwao alikuwa Julia Robinson, ambaye mwaka 1948 alithibitisha kwamba namba kamili zinaweza kufafanuliwa ndani ya namba za sehemu, kama nusu na robo. Ndani ya namba halisi, jambo hilo haliwezekani.

Tofauti hiyo ilizaa matunda makubwa. Mwaka 1971, Saharon Shelah wa Israel alibainisha mpaka unaozitenga nadharia ambazo leo huitwa tegemezi. Chukua nyumba tatu zilizopangana kando ya barabara iliyonyooka Kiembeni. Kipande kimoja cha barabara kikifikia ya kwanza na ya tatu, hakina budi kupita kwenye ya pili. Sasa chukua namba 2, 3 na 5. Kumi inagawanyika kwa 2 na 5 bila kugawanyika kwa 3, na namba tasa zikiwa nyingi kiasi chochote, kundi lolote linaweza kuchaguliwa vivyo hivyo. Nadharia ni tegemezi iwapo hakuna fomula yake yenye uhuru huo usio na kikomo. Nadharia ya namba halisi aliyoichunguza Tarski ni tegemezi. Ya namba kamili, yenye kujumlisha na kuzidisha, si tegemezi.

Mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba kipimo hicho ni kile kile walichokitumia Vapnik na Chervonenkis kueleza ni lini mashine inaweza kujifunza kutokana na mifano.

Tarski alifariki Oktoba 26, 1983 mjini Berkeley, akiwa na umri wa miaka 82. Aliacha swali moja ambalo bado halijajibiwa kikamilifu: je, namba halisi zikiongezewa kanuni ya ukuaji wa kipeo, ile inayokadiria riba inayolimbikizwa kila wakati, bado kila swali litakuwa na hatua za kulijibu?