Tabibu Harvey Cushing

Cushing alizaliwa Cleveland, Marekani, mwaka 1869, katika ukoo wa matabibu. Alipokuwa mwanafunzi huko Boston aliambiwa amlaze mgonjwa kwa etha, dawa ya usingizi. Mgonjwa akafa. Kijana akafikiri kuacha masomo, lakini hakuacha: yeye na mwenzake Codman walianza kuandika karatasini mapigo ya moyo ya mgonjwa muda wote wa upasuaji. Sisi tulioshika daftari la mahudhurio miaka mingi twaithamini karatasi ile. Mwaka 1901 akaleta kutoka Italia chombo cha kupimia shinikizo la damu.

Siku zile wengi waliopasuliwa ubongo hawakupona. Cushing alipasua polepole, akizuia damu kwa vibanio vidogo vya fedha, na vifo vikapungua sana. Alichunguza pia maji yanayouzunguka ubongo, na tezi ndogo iliyo chini yake, kubwa kama mbaazi tu, itawalayo homoni nyingi za mwili. Ugonjwa mmoja wa tezi hiyo, aliouandika mwaka 1932, unaitwa kwa jina lake.

Juni 1926 aliletewa habari kwamba mwanawe William amekufa katika ajali ya gari. Alimwarifu mkewe, kisha akaenda kumpasua mgonjwa aliyekuwa akimngoja. Wengine humwona mgumu wa moyo. Sisi twamfikiria yule mgonjwa.

Alifariki mwaka 1939.