Yatima Aliyesomea Umeme

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kusomea uinjinia wa umeme katika chuo kikuu, mimi nilikuwa miongoni mwa waliouliza ataolewa na nani. Likizo iliyopita alinieleza kwamba wakiwa karakana ya umeme wavulana hushika vyombo, wasichana wakaachiwa kuandika tu. Nikamkumbuka Bi. Edith Clarke wa Marekani.

Bi. Edith alizaliwa mwaka 1883 katika jimbo la Maryland, mmoja wa watoto tisa. Hakutimiza miaka 13 ila alikwisha kuwa yatima wa baba na mama. Sisi tuliosomeshwa chuo cha Kurani twaujua uzito wa mali ya yatima. Yeye alipokabidhiwa urithi wake alijisomesha nao hisabati na falaki katika chuo cha Vassar, akahitimu mwaka 1908.

Mwaka 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya pili ya uinjinia wa umeme katika chuo mashuhuri cha MIT. Msomaji atadhani milango ilifunguka. La! Hakuna aliyemwajiri kuwa injinia. Kampuni ya General Electric ilimpa kazi ya kuwasimamia wanawake wapiga hesabu, kwa mshahara mdogo kuliko wa wanaume.

Mwaka 1921 alifunga mzigo akaenda Istanbul, mji uliokuwa ungali makao ya Khalifa, akafundisha fizikia katika chuo cha wanawake. Aliporudi mwaka 1922, kampuni ile ile ilimwajiri kuwa injinia kamili. Mwaka 1925 alipata hati ya uvumbuzi kwa chombo chake cha kurahisisha hesabu za nyaya ndefu za umeme.

Mwaka 1947 aliingia Chuo Kikuu cha Texas, akawa mwanamke wa kwanza Marekani kuwa profesa wa uinjinia wa umeme. Alifundisha huko kwa miaka kadhaa, akafariki mwaka 1959.

Tangu shahada ile hadi kiti cha profesa ni miaka 28. Kumkaribisha mtu barazani usimpe pahali pa kukaa, huko si kumkaribisha. Binti zetu wamekwisha kuingia vyuoni. Lililobaki ni kupewa vyombo mikononi.

Mpwa wangu nimemtaka radhi. Swali lile silirudii tena.