Alan Blumlein: Aliyeipa Santuri Masikio Mawili

Mpenzi wa muziki apitaye kwenye meza za wauza vitu vilivyokwisha tumika huona, aghalabu, rundo la santuri kuukuu lililofunikwa vumbi, na bei yake si kubwa. Lakini kijana aliyekwisha kusikia, katika jumba la sinema au nyumbani kwa mwenye nacho, jinsi muziki unavyoweza kumzunguka msikilizaji mbele na nyuma, huzitazama santuri hizo kwa dharau. Hudhani kwamba sauti ya namna ile hainunuliwi ila kwa fedha nyingi, na kwamba mtu wa kipato kidogo hana budi kuisahau. Sisi hatukubaliani naye. Sehemu kubwa ya kile anachokitafuta imo tayari ndani ya rundo lile, nayo iliwekwa humo kwa akili za mtu aliyefariki mwaka 1942, miaka 15 kabla santuri ya kwanza ya aina hiyo haijauzwa dukani. Jina lake ni Alan Dower Blumlein.

Alizaliwa mjini London tarehe 29 Juni, 1903. Baba yake, Semmy Blumlein, alikuwa mzaliwa wa Ujerumani aliyechukua uraia wa Uingereza. Mama yake, Jessie, alikuwa binti wa mmisionari William Dower, ambaye alifanya kazi miongoni mwa Wagriqua huko Kokstad, Afrika ya Kusini. Inasimuliwa kwamba mtoto huyu alichelewa sana kujua kusoma, hata walimu wakapata taabu naye, ilhali mambo ya umeme aliyaelewa pasipo kufundishwa. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alitengeneza kengele ya mlango wa nyumbani kwao, kisha akamwandikia baba yake hati ya madai ya malipo, akijitaja humo kuwa ni mhandisi wa umeme. Baba huyo alifariki mwaka 1914, kijana akiwa na miaka 11.

Masomo yake ya juu aliyamaliza mwaka 1923 katika chuo cha uhandisi cha City and Guilds, London, akafaulu katika daraja la kwanza. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya International Western Electric, akawa anashughulikia nyaya za simu za masafa marefu. Kazi hiyo haikuwa na sifa mbele ya watu, lakini ilimfundisha jambo moja ambalo lilimfaa maisha yake yote: kupima kwa uangalifu jinsi sauti ya waya mmoja inavyovuja na kuingia katika waya mwingine.

Mwaka 1929 alihamia kampuni ya santuri ya Columbia. Huko alikabidhiwa shida ya kibiashara kuliko ya kitaalamu. Mtambo wa kuchonga santuri kwa umeme ulikuwa umelindwa kisheria na Wamarekani, na kampuni ililazimika kulipa ushuru kwa kila santuri iliyouzwa. Blumlein na wenzake wakaunda mtambo wao wenyewe, wenye kufanya kazi kwa njia nyingine kabisa, na ushuru ule ukakoma. Mwaka 1931 Columbia iliungana na Gramophone Company, wenye alama ya His Master's Voice, ikazaliwa kampuni ya EMI. Wasomaji wa pwani watakumbuka kwamba Gramophone Company ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928. Kwa hiyo mwajiri mpya wa Blumlein alikuwa pia mwenye santuri za Siti.

Mwaka huohuo wa 1931 Blumlein alikwenda kutazama sinema pamoja na Doreen Lane, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Sinema zenye sauti zilikuwa bado jambo jipya. Bwana huyu aliudhika: mwigizaji alikuwa upande mmoja wa kitambaa, na sauti yake ikatokea upande mwingine, pale spika ilipowekwa. Watu wengine waliokuwamo ukumbini pengine hawakuona ajabu yoyote. Yeye alimweleza mwenzake kwamba alikuwa na njia ya kuifanya sauti imfuate mwigizaji kila aendako.

Njia hiyo inahitaji maelezo kidogo, na tunamwomba msomaji atuvumilie. Mtu aliyeketi barazani akiwa amefumba macho hutambua ngoma ya arusi inatokea upande gani wa barabara, kwa sababu sauti hulifikia sikio moja mapema kidogo kuliko la pili. Lakini santuri ya zama zile ilikuwa na njia moja tu ya sauti, kana kwamba dunia nzima inasikilizwa kwa tundu la ufunguo. Kuongeza spika ya pili peke yake hakutoshi, maana kila sikio husikia spika zote mbili kwa pamoja. Blumlein alitambua, kwa hesabu, kwamba spika mbili zikitoa sauti ileile kwa nguvu tofauti, mchanganyiko unaofika masikioni huzaa, kwa sauti nzito, ile tofauti ya wakati ambayo ubongo umezoea kuitegemea. Basi akapendekeza maikrofoni mbili ziwekwe mahali pamoja, zikielekea pande tofauti, ili zisipishane kwa wakati bali kwa nguvu tu. Mpango huo wa maikrofoni umeitwa kwa jina lake hadi leo.

Tarehe 14 Desemba, 1931, aliwasilisha ombi la hati ya kulinda uvumbuzi wake. Hati hiyo, nambari 394,325, ilikuwa na madai 70, ikakubaliwa Juni, 1933. Wajuzi huisoma hata sasa kwa mshangao. Ndani yake mna maikrofoni, mna sinema, mna namna ya kuchanganya sauti, na mna pia mfereji wa santuri ambao ukuta wake mmoja hubeba sauti ya kushoto na wa pili hubeba ya kulia, kila ukuta ukiwa umelala kwa nyuzi 45. Uzuri wa mfereji huo ni huu: sindano ikienda ubavu kwa ubavu, inasoma kile ambacho sauti mbili zinashirikiana, yaani jumla yake, ikipanda na kushuka, inasoma zinapohitilafiana, yaani tofauti yake. Tunamsihi msomaji ayaweke akilini maneno haya mawili, jumla na tofauti, kwa sababu tutarudi kwayo.

Uadilifu unatudai tuseme kwamba hakuwa peke yake. Huko Marekani, Arthur Keller wa maabara ya Bell alikuwa akifanya majaribio ya namna hiyo katika miaka ileile, akimrekodi kiongozi wa okestra Leopold Stokowski. Lakini hatujui hati nyingine ya miaka ile iliyolitazama jambo zima, kutoka maikrofoni hadi sikioni, kwa ukamilifu kama ile ya Blumlein.

Majaribio yakafuata. Mwishoni mwa mwaka 1933 wahandisi huko Hayes walitembea huku na huko chumbani wakihesabu na kuzungumza, ili ijulikane kama santuri itaonyesha walikokwenda. Ilionyesha. Januari, 1934, mitambo ilipelekwa Abbey Road, ambako Thomas Beecham alikuwa akiongoza okestra ya London Philharmonic katika simfonia ya Mozart iitwayo Jupiter. Mwaka 1935 zikapigwa sinema fupi, mojawapo ikionyesha treni zikipita katika stesheni ya Hayes, na sauti ya treni ikavuka chumba pamoja na picha yake.

Baada ya hapo, kimya. Ulimwengu ulikuwa katika miaka ya dhiki ya uchumi, na EMI haikuona nani angenunua gramafoni yenye spika mbili wakati wengi walishindwa kununua yenye moja. Santuri za majaribio zikawekwa ghalani. Hatuwalaumu sana wakubwa wale, ingawa ni vigumu kuusoma uamuzi wao bila kusikitika.

Blumlein mwenyewe hakukaa akinung'unika. Alimwoa Doreen mwaka 1933, wakapata wana wawili, na akahamishiwa kwenye televisheni. Alikuwa mmoja wa waliojenga mtambo wa mistari 405, ambao BBC ilianza kuutumia Alexandra Palace tarehe 2 Novemba, 1936, na ambao Uingereza iliendelea kuutumia kwa takriban miaka 50. Hati zake za uvumbuzi zilifikia 128, kiasi cha kushangaza kwa mtu aliyeanza kazi mwaka 1924.

Vita ikaja. Mwaka 1942 alikuwa akishughulikia rada iliyopewa jina la H2S, ambayo ingemwezesha rubani kuiona ardhi iliyo chini yake usiku au penye mawingu. Jumapili ya tarehe 7 Juni, ndege ya Halifax nambari V9977 iliruka kutoka Defford kwa ajili ya majaribio ya rada hiyo. Ndani yake walikuwamo Blumlein na wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen, pamoja na wataalamu wengine na wanahewa. Injini moja ya upande wa kulia ikashika moto, moto haukuzimika, ukaula ubawa. Ndege ikaanguka karibu na Welsh Bicknor, kando ya mto Wye, na watu wote 11 wakafa. Uchunguzi ulielekeza kwenye nati ndogo ndani ya injini ambayo haikukazwa sawasawa. Blumlein alikuwa na umri wa miaka 38.

Msiba huo haukutangazwa hadharani, kwa kuwa adui hakutakiwa kujua jinsi kazi ya rada ilivyopata pigo. Mjane alimzika mumewe bila umma kuelezwa alikuwa nani na alikufa akifanya nini, na kwa miaka mingi jina lake lilijulikana kwa wahandisi wachache tu. Heshima ilikuja polepole mno: mwaka 2015 bamba la ukumbusho wa kazi yake liliwekwa Abbey Road, na mwaka 2017 alipewa tuzo ya ufundi ya Grammy, miaka 75 baada ya kufa.

Santuri zake zilikuwa zimetangulia heshima hizo. Mwaka 1957 kampuni ya Westrex ya Marekani ilionyesha mfereji wa nyuzi 45, kumbe ni uleule wa hati ya mwaka 1931, na kufikia mwaka 1958 santuri za stereo zilikuwa madukani. Muda wa hati ulikuwa umekwisha kupita. Si mwenyewe wala mjane wake aliyeweza kuvuna chochote kutokana nayo.

Sasa turudi kwa kijana wetu na rundo la santuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makampuni yalijaribu kuuza santuri za njia nne, zenye spika mbili mbele na mbili nyuma. Kulikuwa na aina ya SQ, aina ya QS na aina ya CD-4, kila moja ikidai mtambo wake, na mnunuzi akachoka kabla hajaanza. Biashara hiyo ilikufa kabla ya mwisho wa muongo. Kwa mwenye fedha kidogo, mabaki yake si haba. Santuri ya SQ au QS hupigika katika gramafoni ya kawaida ya stereo bila kudhurika, kwa hiyo mtu anaweza kuinunua leo na kuutafuta mtambo baadaye. CD-4 ni vyema kuiacha: inahitaji sindano ya pekee, na mfereji uliochakaa huwa umekwisha kupoteza sauti zake za nyuma.

Hata hivyo iko njia rahisi zaidi, iliyoenezwa katika miaka hiyohiyo na Mmarekani David Hafler wa kampuni ya Dynaco, nayo ni hesabu ileile ya Blumlein. Spika ya tatu, hata ile iliyookotwa kutoka redio mbovu, huwekwa nyuma ya msikilizaji na kuunganishwa kati ya nguzo chanya ya kushoto na nguzo chanya ya kulia za amplifaya, bila kugusa hasi. Spika hiyo haipati jumla; hupata tofauti peke yake. Mwimbaji aliyesimama katikati yumo sawasawa katika njia zote mbili, kwa hiyo hutoweka, kama tano ikiondolewa katika tano. Kinachobaki ni mwangwi wa ukumbi, makofi ya watu, na ala zilizokuwa pembeni. Tahadhari ni moja: amplifaya ambazo hasi zake mbili hazikuunganishwa ndani zinaweza kuungua, basi fundi aulizwe kwanza.

Akiisha kufunga spika hiyo, mkusanyaji hatafuti tena santuri zenye alama maalumu. Anatafuta muziki uliorekodiwa mbele ya watu, kwaya ndani ya kanisa kubwa, okestra ndani ya ukumbi. Na kila santuri ya stereo aliyokuwa nayo tangu zamani huwa mpya kwake. Kwa santuri za zama za njia moja hali ni nyingine. Mwenye kubahatika kupata rekodi ya Siti binti Saad ya mwaka 1928 atamsikia mbele yake vema, lakini spika ya nyuma, ikiondoa mikwaruzo ya sindano, haitatoa kitu, kwa sababu kushoto na kulia ni sauti moja.