Dk. Coley na homa iliyoondoa uvimbe

Januari 1891, William Coley, daktari kijana wa upasuaji jijini New York, Marekani, alimpoteza binti aliyekuwa na saratani iliyoanzia mkononi. Kwa uchungu, alipekua mafaili ya hospitali. Akakuta mgonjwa ambaye uvimbe wa saratani shingoni ulitoweka baada ya kupata maambukizi makali ya ngozi yenye homa. Alimtafuta, akamkuta mzima.

Mwaka huohuo alianza kuwadunga wagonjwa bakteria wa maambukizi hayo. Wapo waliopona, wapo waliouawa na maambukizi yenyewe. Baadaye akatumia bakteria waliokufa. Wenzake wengi walimpinga, na tiba ya mionzi ikashika nafasi. Alifariki 1936.

Binti yake, Helen, alichambua kumbukumbu zake na mwaka 1953 akaanzisha taasisi ya utafiti wa tiba hiyo. Leo BCG, chanjo ya kifua kikuu anayochomwa mtoto mchanga, hutibu pia saratani ya kibofu cha mkojo iliyo katika hatua za mwanzo.

Hata hivyo, usiache homa bila matibabu ukidhani itaua saratani. Muone daktari.