Jon Postel: Mtunza majina ya intaneti aliyekataa kuamua ipi ni nchi

Kutoka Ajia, wilayani Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mpaka wa Congo hauko mbali, na anayeshika barabara ya kaskazini hadi Koboko huikaribia Sudan Kusini. Mkaazi wa huko anayefungua tovuti za pande zote tatu kwa simu yake atakutana na viishio vitatu vya majina: .ug kwa Uganda, .cd kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na .ss kwa Sudan Kusini.

Kanuni iliyogawa viishio hivyo iliwekwa na Mmarekani mmoja mwenye ndevu ndefu, aliyependa kuvaa kandambili kazini na ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtunzaji mkuu wa orodha za intaneti. Jina lake ni Jon Postel.

Postel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, katika jimbo la California. Alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, na mwaka 1974 akapata shahada ya uzamivu katika sayansi ya kompyuta. Mwaka 1969, wakati chuo hicho kilipounganisha kompyuta yake na mtandao wa ARPANET uliofadhiliwa na wizara ya ulinzi ya Marekani, Postel alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliofanya kazi hiyo.

Mtandao huo ulihitaji mtu wa kuweka kumbukumbu za namba zilizogawiwa kompyuta na huduma mbalimbali, ili namba moja isitolewe mara mbili. Postel aliichukua kazi hiyo. Pia alihariri nyaraka za kiufundi za mtandao tangu mwaka 1969 hadi alipofariki.

Kutoka orodha moja hadi ngazi za majina

Kompyuta hutafutana kwa namba, lakini binadamu hukumbuka majina. Hapo mwanzo majina yote yaliandikwa katika faili moja lililotunzwa na taasisi moja ya utafiti huko California, na kila kompyuta ililazimika kunakili faili hilo. Kadiri mtandao ulivyokua, faili likawa refu na kulisahihisha kukawa mzigo.

Postel, aliyekuwa amehamia Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, alimkabidhi mwenzake Paul Mockapetris jukumu la kutafuta suluhisho. Mwaka 1983 Mockapetris alichapisha mfumo wa majina ya vikoa, ujulikanao kwa kifupi kama DNS. Badala ya orodha moja, kazi iligawanywa kwa ngazi: seva za mzizi hueleza nani anatunza .ug, seva za .ug hueleza nani anatunza jina fulani chini yake, na seva ya mwenye jina hutoa namba.

Hadi leo, fundi wa Arua au Kampala anayechunguza kwa nini tovuti haifunguki hufuata ngazi hizo hizo. Kwanza hujaribu kuifikia seva kwa namba. Ikijibu kwa namba na isijibu kwa jina, hitilafu iko kwenye majina. Kisha huuliza ngazi moja baada ya nyingine kuanzia kwenye mzizi, mpaka apate iliyotoa jibu lisilo sahihi. Hukumbuka pia kwamba majibu ya zamani huhifadhiwa kwa muda katika seva za njiani, ndiyo maana marekebisho hayaonekani kila mahali kwa wakati mmoja.

Swali la nchi

Viishio vya nchi vilileta mtihani wa kisiasa. Nani aseme ipi ni nchi na ipi si nchi? Katika waraka wa mwaka 1994, Postel alieleza kwamba hilo halikuwa jukumu la ofisi yake: wangefuata orodha ya kimataifa ya herufi mbili za nchi. Aliongeza kwamba anayekabidhiwa kiishio ni mdhamini anayewatumikia wananchi wa nchi hiyo na watumiaji wa intaneti duniani, na kwamba madai ya kukimiliki hayana nafasi. Pia alitaka kila kiishio kiwe na seva zaidi ya moja, ili moja ikizimika nyingine ijibu.

Kiishio cha Kenya kiliandikishwa mwaka 1993, na vya Uganda na Tanzania mwaka 1995. Zaire ilipobadilishwa jina mwaka 1997, baada ya kuanguka kwa Mobutu Sese Seko, kiishio cha .cd kiliandikishwa mwaka huo huo kuchukua nafasi ya .zr. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011, na kiishio chake kikaingizwa kwenye mzizi mwaka 2019, kwa kanuni ile ile.

Siku ya Januari 1998

Mamlaka aliyokuwa nayo Postel yalitegemea zaidi imani ya wenzake kuliko sheria. Tarehe 28 Januari 1998 aliwaandikia wasimamizi wa seva nane kati ya kumi na mbili za mzizi zilizokuwa zikifuata seva kuu, akiwaomba wachukue orodha kutoka kwenye kompyuta ya ofisi yake badala ya ile ya kampuni iliyokuwa na mkataba na serikali ya Marekani. Walikubali. Watumiaji hawakuhisi lolote, lakini Washington ilishtuka na kumtaka arudishe hali ya awali. Alirudisha, akisema lilikuwa jaribio.

Tukio hilo lilionyesha kwamba mzizi wa intaneti ungeweza kuhamishwa kwa ombi la mtu mmoja. Mwezi Septemba mwaka huo ilisajiliwa ICANN, shirika lisilo la faida ambalo Postel mwenyewe alishiriki kuliasisi, ili lirithi kazi yake.

Hakuwahi kuliona likikomaa. Alifariki mjini Los Angeles tarehe 16 Oktoba 1998, kutokana na matatizo yaliyofuatia upasuaji wa moyo, akiwa na umri wa miaka 55. Tuzo yenye jina lake hutolewa kwa waliotumikia jamii ya intaneti, na mwaka 2007 ilikwenda kwa Nii Quaynor wa Ghana, mmoja wa waasisi wa intaneti barani Afrika.