Kaakaa Lisilojua Kifaransa

Kila mwanafunzi wa ualimu aliyepita kwenye somo la saikolojia hapa UDOM anamjua Freud wa kwenye slaidi: mzee mwenye ndevu nyeupe, na zile hatua zake za ukuaji wa mtoto tunazokariri usiku wa kuamkia mtihani, ya kwanza ikiwa hatua ya mdomo. Nilimkariri, nikapata alama zangu, nikamsahau. Mwaka huu nimemrudia kwa sababu ya mjomba wangu wa Kongwa. Mjomba alitolewa uvimbe kwenye kaakaa, akapigwa mionzi huko Dar es Salaam, na tangu aliporudi, akipiga simu mimi naiacha iite mpaka ikatike. Sikuwa nasikia anachosema, halafu kuna siku nilimcheka. Nitafika hapo.

Sigmund Freud alizaliwa mwaka 1856 na karibu maisha yake yote aliishi Vienna, Austria. Kazi iliyompa jina ni ya masikio na mdomo: mgonjwa analala kwenye kochi, anaongea lolote linalomjia kichwani, daktari amekaa nyuma yake anasikiliza. Alipenda sana vichekesho, hasa vya Wayahudi wenzake. Alivikusanya, na mwaka 1905 akatoa kitabu kizima cha kuchunguza kwa nini mzaha unachekesha. Na alivuta zile sigara nene za majani ya tumbaku, kama 20 kwa siku.

Mwanzoni mwa 1923, akiwa na miaka 66, aliona uvimbe mdomoni upande wa kulia. Mwezi Aprili akaenda kuukatisha bila kuwaaga watu wa nyumbani, kama mtu anayekwenda kung'oa jino. Damu ilitoka nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Akalazwa kwenye kijumba kimoja na mgonjwa mwingine, mtu mfupi sana mwenye ulemavu wa akili. Damu ilipoanza tena kumwagika, Freud alibonyeza kengele, kumbe mbovu, na kuongea hawezi. Yule mwenzake ndiye aliyetoka mbio kwenda kuita msaada. Vitabu vyetu vya kozi havimtaji, lakini bila yeye pengine tungekuwa na kurasa chache za kukariri.

Madaktari wake walijua ni saratani, wakamficha. Alipokuja kugundua alikasirika sana, na mimi naona alikuwa na haki. Kwetu pia mjomba aliambiwa ni jipu, na waliomwambia hivyo tulikuwa sisi.

Oktoba mwaka huohuo daktari wa upasuaji aliyeitwa Hans Pichler alimtoa sehemu kubwa ya taya la juu na kaakaa upande wa kulia, pamoja na kipande cha taya la chini. Hapa inabidi nieleze kidogo. Kaakaa ndilo dari la mdomo na sakafu ya pua. Likiondoka, mdomo na pua vinakuwa chumba kimoja. Chakula kinapanda puani, na pumzi inayotakiwa kubanwa ili utamke b au p inapotelea puani. Ukijaribu b, inatoka m. Jaribu kuifikiria kwa Kiswahili: baba anakuwa mama, na bibi anakuwa mimi.

Ndicho kilichonichekesha. Mjomba, kabla hajapata kaakaa bandia, alinipigia kunijulisha kwamba bibi anaumwa. Nikasikia mimi. Nikampa pole. Akasisitiza kwamba siyo yeye, ni bibi, na mimi nikasikia siyo mimi, ni mimi. Nikaangua kicheko pale kwenye korido ya hosteli. Akanyamaza, akakata simu. Habari za bibi nilizipata siku mbili baadaye kwa mtu mwingine.

Freud alitengenezewa kaakaa bandia la kuziba lile tundu. Lilikuwa kubwa na lilimuumiza, na nyumbani kwake walilipachika jina la zimwi. Kulitoa na kulirudisha ilikuwa vita. Binti yake mdogo, Anna, ndiye alikuwa muuguzi wake, na walikubaliana kwamba kazi hiyo itafanywa bila machozi wala maneno ya huruma. Sikio la kulia nalo likafa, basi akageuza kochi na kiti chake ili wagonjwa waongelee upande wa kushoto. Akaendelea na kazi ileile, ya kukaa na watu wanaoongea. Na akaendelea na sigara! Taya lilipokaza, alilifungua kwa kibanio cha nguo ili sigara ipite. Hapo simtetei.

Hotuba za hadhara aliziacha. Mwaka 1930 alipopewa Tuzo ya Goethe, Anna ndiye aliyekwenda Frankfurt kumsomea hotuba. Ila utani haukukoma. Mwimbaji wa Kifaransa Yvette Guilbert alikuwa rafiki yake, na Freud alikuwa amesoma Paris kati ya 1885 na 1886, kwa hiyo lugha ile aliijua. Siku moja Kifaransa kilipomgomea mdomoni mbele ya rafiki yake huyo, alimwarifu kwamba kaakaa lake bandia halijui Kifaransa.

Mwaka 1927, zimwi likiwa mdomoni, aliandika makala fupi kuhusu ucheshi, na Anna akaisoma kwenye mkutano huko Innsbruck. Mfano wake ni wa mtu anayepelekwa kunyongwa siku ya Jumatatu, naye anatania kwamba wiki imeanza vizuri. Freud anasema mtu wa namna hiyo anajitendea kama mzazi anavyomtendea mtoto aliyeogopa. Sisi Wagogo tumekuwa na watani Wahehe wanaotuchekesha msibani, maiti ikiwa bado ndani, kwa hiyo sikushangaa sana. Ninachoona tofauti ni kwamba msibani anayetania ni mtani, na kwenye kaakaa lile aliyetania ni mwenye kaakaa. Mimi kwenye korido sikuwa yeyote kati ya hao.

Juni 1938 aliwakimbia Wanazi akahamia London. Desemba 7 mwaka huo BBC walimrekodi akiongea kwa Kiingereza, na rekodi ipo. Niliisikiliza kwa spika za masikioni, maneno yanatoka yakisukumwa moja moja, nikairudia mara tatu ndipo nikaelewa. Sikukereka kuirudia. Alifariki Septemba 23, 1939, akiwa na miaka 83, baada ya operesheni zaidi ya 30.

Usiku ule nikampigia mjomba. Nilimwomba arudie kila alichosema, akarudia, na dakika za bando zikaisha tukiwa bado kwenye salamu. Kesho yake nikapiga tena, nikamwomba msamaha, nikamsimulia kisa cha Kifaransa. Akaniuliza huyo mzee alikuwa Mhehe wa wapi.

Juzi mkewe kanipa habari za soko la mahindi Kibaigwa. Mjomba anawaambia wanunuzi kwamba kaakaa lake limetengenezwa Dar, linajua Kizaramo tu, anayetaka kupunguziwa bei kwa Kigogo asubiri lijifunze.