Fadhili William: Malaika ilizunguka dunia, je mkwanja?

Nenda harusi yoyote Likoni, Kisauni ama Changamwe. Mpiga kinanda akigusa Malaika tu, ukumbi wote unaimba, hadi watoto wa juzi. Sasa uliza aliyeirekodi kwanza ni nani. Wengi watanyamaza.

Huyo ni mtu wa Pwani yetu. Fadhili William Mdawida alizaliwa Taita mwaka 1938. Baadaye akaingia Nairobi, akashika gitaa, na yeye na bendi yake ya Jambo Boys wakarekodi Malaika karibu na mwaka 1960. Wimbo wenyewe unahusu kijana anayependa lakini mfuko umetoboka, hawezi kuoa.

Kisha wimbo ukamtoroka. Miriam Makeba aliuimba majukwaa ya dunia, na mwaka 1965 ukatoka kwenye albamu yake na Harry Belafonte. Mwaka 1981 Boney M. nao wakaurudia Ulaya. Huku nyumbani ni vuta nikuvute: Adam Salim wa Tanzania naye alidai ni yeye aliyeutunga. Mpaka leo ubishi haujaisha. Mambo ya hakimiliki hayaangalii sauti tamu, yanaangalia karatasi: nani katunga, nani kasajili, nani kasaini.

Mwaka huo huo wa 1981, kule Marekani, Adam Osborne alitoa kompyuta ya kubebeka. Kubebeka kwa jasho lakini! Kilo 11 hivi, kama mtungi wa maji wa lita 10, haina betri, bei dola 1,795. Ila ilikuja na programu ya mahesabu. Meneja wa bendi angeweza kuandika kiingilio, mafuta, hoteli na mgao wa kila mtu akiwa safarini. Kwa wanamuziki wetu wa wakati huo, hiyo ilikuwa ndoto.

Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akarudi nyumbani, na akafariki Nairobi Februari 2001.

Sasa wewe msanii wa Mtongwe, Bamburi ama Miritini, simu yako inaishinda mashine ya Osborne mara nyingi sana. Kabla hujapakia ngoma, andika nani kaandika mashairi, nani kapiga biti, na kila mmoja anachukua asilimia ngapi. Sajili. Shoo ikiisha, piga hesabu usiku huo huo, wote mkiwepo. Makofi hayalipi kodi ya nyumba.